Jina la Mtoto wa Kwenye Mashine

Gari la kutoka Matinyani lilikuwa bado halijafika lami wakati Kihara, mnunuzi wa ndengu wa kule Salama, alipomuuliza mama aliyekaa kando yake anaenda kuona nani hospitalini.

"Mjukuu wangu wa kwanza," alisema Kanyiva. "Msichana. Alizaliwa juzi kabla miezi haijafika, wamemweka kwa mashine."

"Anaitwa nani?"

"Bado."

Kihara alishtuka kana kwamba ameambiwa mtoto hana kichwa. "Si ataitwa wewe, nyanya yake?"

"Ataitwa mimi, na ni mimi wa kumpa hilo jina. Lakini asipoishi, si nitazikwa nikijiangalia?"

Mimi nilikuwa nyuma yao na kuku wangu, tukisikiliza wote wawili. Kihara aliendelea. "Mama, soma Mwanzo. Mungu aliumba nuru, akaona ni njema, akaiita Mchana siku hiyo hiyo. Hata jua lilikuwa halijakuwako! Hakungoja kwanza aone kama itakaa."

"Mungu nuru ikimzimikia ataumba ingine," alisema Kanyiva. "Mimi huyu mwingine nitamtoa wapi?"

Gari lilisimama kwa geti ya hospitali. Kanyiva alishuka na kablanketi kapya kifuani.

"Unakuja kuona nani, mama?" askari aliuliza.

"Mtoto wa mwanangu."

"Anaitwa?"

Kanyiva aligeuka, akatutazama mmoja mmoja ndani ya gari, kana kwamba kuna mmoja wetu mwenye jina la ziada.