Tumbo Moja, Fundi wa Kuhamisha Silinda

Ndugu yetu tunayemlaza leo alizaliwa tarehe 9 Juni 1964, mtoto wa pili wa mshona viatu na mkunga, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya stoo ya mbao. Dada mkubwa alikuwa ameshatangulia kuzaliwa, na mdogo wao wa kiume akafuata mwaka 1967. Hawa wavulana wawili walikuwa chanda na pete. Ukimgusa mmoja, ulijiandaa kwa wawili.

Alisoma shule ya msingi ya karibu na reli hadi darasa la saba. Hisabati haikupanda kabisa. Lakini redio ya mwalimu mkuu ilipozima, aliitwa yeye, akaifufua, akabakiwa na skrubu mbili mkononi. Mwalimu mkuu hakuiamini tena ile redio.

Mwaka 1983 alianza kazi kwenye gereji ya pikipiki mkabala na kituo cha mafuta. Alivuma kwa jambo moja: kuchukua silinda na pistoni ya injini kubwa na kuzifunga kwenye injini ndogo ya ukoo uleule, ili pikipiki dhaifu ipande mlima na mzigo wake. "Hizi ni ndugu wa tumbo moja," alimwambia kila mteja, "ila hata ndugu wanapimwa." Jina la Tumbo Moja likamganda. Kabla ya kufunga moja kwa moja, alibandika udongo laini juu ya pistoni, akafunika, akaizungusha injini kwa mkono taratibu, kisha akafungua tena kuangalia udongo umebonyea kiasi gani. Ukibonyea sana, pistoni itagonga valvu, na kazi hiyo hafanyi. Wateja wakali walifoka, yeye akaendelea na udongo wake.

Alifunga ndoa tarehe 15 Desemba 1990 na fundi cherehani wa mtaa wa pili. Katikati ya kiapo pikipiki ilipita nje, bwana harusi akainamisha kichwa kusikiliza. Mfungishaji ndoa akamuuliza, "Bwana, uko nasi?" Akajibu, "Nipo, ila huyo ringi zake za pistoni zimekwisha." Bibi harusi alicheka mpaka shela ikaanguka. Walijaliwa watoto watatu.

Sasa tufike kwenye lile ambalo baadhi yetu wangependa tulifunike. Mwezi wa Agosti 2009 mdogo wake, aliyekuwa akisambaza mikate kwa pikipiki, alimletea injini aiongezee nguvu. Alikuwa amesimama palepale akimtania, "Kaka, mimi nami mteja? Funga, twende tukale." Marehemu akacheka, akafunga bila kuweka udongo. Kumbe pistoni ile ilikuwa ya toleo jipya, kichwa chake kimeinuka kidogo. Kwenye mteremko wa sokoni ikagonga valvu, valvu ikakatika, injini ikakaba na tairi la nyuma likagoma kuzunguka. Mdogo wake alianguka vibaya, na hospitalini akakatwa mguu wa kulia.

Hawakusemezana tena. Mama yao alizikwa wao wakiwa wamesimama pande mbili za kaburi. Marehemu hakuhamisha silinda nyingine maishani mwake. Alibadilisha oili na kuziba pancha, basi. Jumapili alikuwa akipita mbele ya mlango wa mdogo wake, anapunguza mwendo, halafu anaendelea. Aliogopa jibu. Inatuuma kulisema, lakini ndivyo alivyoishi.

Mwezi wa Novemba 2023 alianza kukohoa, ikabainika ni saratani ya mapafu. Wodini alimuuliza mkewe kila asubuhi, "Amekuja?" Mkewe alichoka kusema hapana, akawa anajibu kwamba yuko njiani. Alifariki tarehe 3 Machi 2024, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mkewe.

Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu wawili, dada mkubwa na mdogo wake. Jana, dada alipokuwa akiandika haya mezani, mdogo wake aliingia na magongo yake.

"Dada, andika kwamba nilimsamehe."

"Lini?"

"Siku nyingi."

"Ulimwambia?"

Alikaa chini akalia kwa sauti, mtu mzima, na hakuna aliyemnyamazisha.

Basi tunakusomea wewe, ndugu yetu, mbele ya watu wote na yeye akiwa hapa: umesamehewa. Pumzika kwa amani.