Bi Geuza, Mkaguzi Aliyefuta Ripoti Zake Mwenyewe

Marehemu, ambaye wengi mliofika hapa mlimjua kwa jina la Bi Geuza, alizaliwa tarehe 9 Machi 1951, mtoto wa nne wa fundi cherehani na mkewe, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kituo cha reli.

Alianza shule mwaka 1958. Kusoma kulimpiga chenga, na mwalimu wake wa darasa la kwanza alimbakiza kila mchana kwa muhula mzima mpaka herufi zikamkubali. Alihitimu chuo cha ualimu mwaka 1972.

Tarehe 14 Desemba 1974 aliolewa na dereva wa lori, mtu wa mizaha, ambaye hadi leo anadai alisahihishwa kama daftari kwa miezi minane kabla ya kupasishwa. Walijaliwa watoto watatu.

Mwaka 1981 aliteuliwa kuwa mkaguzi wa shule. Kalamu yake ilikuwa kali, na shule aliyoisifu ilitembea kifua mbele.

Jioni moja mwaka 1992, kitindamimba wake, aliyekuwa darasa la tatu, alimsomea hadithi ya kitabu cha shule bila kukwama. Marehemu akaenda jikoni kuepua sufuria. Aliporudi, kitabu kilikuwa kichwa chini miguu juu, na mtoto bado anasoma. Akamwonyesha neno moja tu.

"Moja moja sijui, mama," mtoto akasema. "Najua yote kwa pamoja."

Shule ya mtoto huyo Marehemu mwenyewe alikuwa ameipa alama za juu. Kisha akazunguka shule arobaini akigeuza vitabu, na huko ndiko watoto walikompa jina. Kati ya kila watoto kumi wa darasa la nne, sita walishindwa kusoma sentensi ngeni. Akaandika wizarani akiomba ripoti zake za miaka kumi na moja zifutwe, kwa kuwa alikagua madaftari, paa na vyoo, lakini mtoto hakumkagua.

Wakubwa hawakupendezwa. Alihamishiwa stoo ya vitabu, meza yake ikitazama ukuta, kwa miaka mitano. Mumewe alimsihi aachane nao asije akafukuzwa kabisa. Alimjibu kwa upole kwamba watoto wale hawatapita darasa la kwanza mara ya pili. Kila muhula alipeleka barua nyingine.

Mwaka 1997 katibu mkuu mpya alisoma mojawapo, akamwita. Marehemu hakwenda na hotuba. Alimwomba wavuke barabara hadi shule iliyotazamana na wizara. Katibu mkuu akajikunja kwenye dawati la mtoto, magoti yakimgusa kidevu. Watoto wakasoma kwa madaha. Marehemu akageuza kitabu, wakaendelea vilevile.

"Hali hii imeanza lini?" katibu mkuu akauliza.

"Tangu nilipokuwa nikiwasifu, mheshimiwa."

Sera mpya ya elimu ilitiwa saini tarehe 1 Februari 1999. Walimu hodari walipelekwa darasa la kwanza, kila asubuhi ikatengwa saa nzima ya kusoma kwa lugha ambayo watoto wanaielewa, na kila mtoto akasikilizwa peke yake, akafundishwa kuanzia pale alipokwama. Marehemu aliisimamia nchi nzima hadi alipostaafu mwaka 2011. Upimaji wa mwaka huo ulionyesha watoto tisa kati ya kumi wa darasa la tatu wakisoma hadithi wasiyowahi kuiona. Marehemu alicheza ofisini, na mhudumu aliyeingia na chai ikabidi aiweke chini acheze naye.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2019. Aliugua bila manung'uniko, akifariji wauguzi wake. Alifariki tarehe 6 Juni 2023, saa nne asubuhi, katika hospitali ya wilaya, mkono wake mkononi mwa mumewe.

Ameacha mume, watoto watatu, wajukuu saba, kitukuu mmoja na ndugu wawili. Ameacha pia vijana wengi walioshika karatasi hii sasa hivi, wakifuata kila neno kwa macho yao wenyewe.

Mama yetu apumzike kwa amani. Ameshinda.