Mtoto Wangu Hakulia

Bwana apewe sifa, ndugu zangu! Mimi ni Ghati, mke wa Marwa, kutoka Nyamwaga. Nimesimama kwa sababu ya binti yangu Robi, ili mjue Mungu amenitoa wapi.

Uchungu wa kumzaa Robi ulikuwa mrefu na mgumu. Alipotoka, hakulia. Ndugu zangu, mama akijifungua anasubiri kile kilio! Manesi walihangaika naye mpaka akapumua, lakini alikuwa amelegea mwili mzima, mikono inaning'inia tu.

Tukakimbizwa hospitali mjini. Daktari, dada mmoja mpole, akaniambia, "Mama, mtoto alikosa hewa, na ubongo wake umeumia. Umeumia kiasi gani, bado hatujui. Tutampima kila siku."

Nilidhani kupima ni mashine. Kumbe alitumia mikono yake! Alimmulika macho kwa tochi. Alimwinua mikono akaiachia. Akaweka kidole kwenye kiganja aone kama atakishika, kisha mdomoni aone kama atanyonya. Hakushika. Hakunyonya. Halafu degedege likamwingia, wakampa dawa, na mimi nikalia mpaka sauti ikakauka.

Mama mkwe wangu akasema, "Ghati, turudi nyumbani. Huyu ameshakwenda, tusimtese."

Nikamjibu, "Nisamehe, mama. Bado anapumua. Sitoki hapa."

Nikamwekea mwanangu mkono kichwani nikaomba: Bwana, wewe uliyeuumba ubongo huu unajua palipoumia. Paguse!

Degedege likakoma. Asubuhi moja daktari akaweka kidole mdomoni mwake kama kawaida. Akaniita, "Mama, nawa mikono, uje uweke cha kwako."

Nikaweka. Ndugu zangu, alinivuta! Alinyonya kama ndama mwenye njaa! Nilipiga vigelegele wodi nzima ikageuka, na mama mkwe akapiga magoti pale pale katikati ya vitanda.

Daktari alifurahi, ila akanionya: "Hii ni dalili njema, lakini tutaendelea kumfuatilia. Mlete kliniki tuone atakavyokaa, atakavyotambaa, atakavyotembea." Tulikwenda kila tulipoitwa, hata mvua ilipoharibu barabara. Robi alichelewa kukaa, na mkono wake wa kushoto ulikuwa mzito. Tukafundishwa mazoezi. Na nani alimfanyisha kila asubuhi? Bibi yake yule yule! Leo mkono ule bado hauna nguvu kama mwenzake, sifichi. Lakini anatembea, anaongea, na muda huu anavuta kitambaa cha madhabahu mbele yenu!

Asante Yesu! Asante kwa manesi na yule daktari!

Dada yangu, kama mtoto wako hakulia, usimfiche ndani wala usimzike moyoni kabla hajapimwa. Mpeleke. Kaa naye, omba, na umtegemee Bwana. Alimsikia mtoto asiyeweza hata kulia. Wewe mwenye sauti, mwite!