Mkwe Asiletwe: Maisha ya Mama Yetu, Redio

Mama yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1959, mtoto wa tatu wa fundi baiskeli na mkewe, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya soko. Alianza kusema mapema na hakupumzika. Baba yake ndiye aliyempa jina la Redio, kwa kuwa habari ya nyumbani ilikuwa haijapoa jikoni, tayari imefika kwa jirani. Jina likamganda. Wapo walio hapa leo ambao hawamjui kwa lingine.

Alisoma shule ya msingi ng'ambo ya reli, akamaliza mwaka 1973, kisha akajifunza ushonaji kwenye chuo cha ufundi. Mwaka 1976 aliajiriwa katika karakana ya sare za shule, akashona huko mpaka macho yalipomkatalia, mwaka 2014. Wenzake wanasema mkono wake ulikuwa mwepesi na mdomo mwepesi zaidi. Msimamizi aliwahi kumhamishia cherehani ya pembeni ili kazi iende; haikupita wiki, wenzake wote wakawa wamesogeza viti vyao huko.

Tarehe 6 Agosti 1980 alifunga ndoa na dereva wa lori la saruji, mzee wetu mnayemwona amekaa hapo mbele. Mzee hukumbuka kwamba siku wazazi wake walipokwenda kuposa, muuza mkaa na wauza maji walishawapongeza njiani. Walijaliwa watoto wanne.

Mwezi wa Aprili mwaka huu wa 2024, mke wa kitinda mimba wake alikuwa na mimba ya miezi sita, na tumbo kubwa kuliko miezi yake. Mama alimsindikiza kupigwa picha ya ultrasaundi katika hospitali ya karibu. Kwenye kioo aliona maduara mawili meusi yamekaa ubavu kwa ubavu. Hakusubiri maelezo. Mkwewe akiwa bado anajifuta tumbo, Mama alikuwa kwenye korido anapiga simu: mapacha. Kufikia jioni mtaa mzima ulikuwa na habari, na vitambaa vya mtoto vilishakatwa viwili viwili.

Mpiga picha hakupendezwa na alichokiona, akawaandikia waende hospitali kubwa, safari ya kutwa nzima kwa basi. Huko daktari alirudia picha, akageuza kioo ili wote waone.

"Mama, mtoto ni mmoja," alisema. "Duara hili ni tumbo lake. Hili la pili ni mwanzo wa utumbo, umejaa kwa sababu mbele yake pameziba. Maji anayomeza hayapiti, ndiyo maana yamekuwa mengi humu."

Alieleza kwamba mtoto akizaliwa hataweza kunyonya. Angewekewa mpira wa kutoa maji tumboni, kisha apasuliwe katika siku zake za mwanzo. Akizaliwa pale, wapo wataalamu wa kazi hiyo, na watoto wengi hupona. Akizaliwa mbali, huenda asiwahi. Na kwa wingi wa yale maji, uchungu ungeweza kuanza wakati wowote, kabla ya miezi kutimia.

Mzee, aliyekwenda nao, anasema safari nzima ya kurudi Mama hakufungua mdomo, hata akamgusa paji la uso kuona kama ana homa. Kesho yake alipita kila nyumba aliyoipigia simu, akasema mtoto ni mmoja na ana shida. Wengine walimshauri amwache binti wa watu ajifungulie nyumbani. Shoga yake wa karakana alimtania kwamba mashine nazo huchoka: si ndizo zilizomwonyesha mapacha?

"Mashine haikusema mapacha," Mama alijibu. "Nilisema mimi."

Mkwewe aliogopa kukaa ugenini peke yake, akalia sana. Mama alimbembeleza, akamfungia mizigo, akampeleka mwenyewe kwenye bweni la akina mama wanaosubiri kujifungua, hatua chache kutoka hospitali hiyo. Tangu hapo swali lake kwenye simu lilikuwa moja, asubuhi na jioni: mtoto amecheza? Akiambiwa ndiyo, anakata simu. Akiambiwa bado, hali chakula.

Moyo ulikuwa ukimsumbua tangu mwaka 2019. Mwishoni mwa Mei miguu ilivimba, pumzi ikawa fupi, akalazwa. Tarehe 8 Juni aliomba mumewe na watoto wasogee kitandani. "Msimlete kunizika," alisema. "Mkimpandisha kwenye basi, mtazika wawili." Alifariki dunia tarehe 11 Juni, alfajiri, mkono wake ukiwa katika mkono wa mzee.

Mkwewe alipopata habari alitaka kuja. Alisema watu watamsema maisha yake yote. Mzee alichukua simu, akamwambia: "Amekuruhusu mwenyewe, mwanangu. Kaa hapo hapo." Kwa hiyo, ndugu na majirani mnaoulizana mkwe yuko wapi, hilo ndilo jibu, na atakayemnyooshea kidole atakuwa anabishana na marehemu. Jana jioni tumbo lilianza kumkaza, likatulia. Usiku limeanza tena. Mumewe yuko hapa kumzika mama yake, na simu iko mkononi. Akitoka katikati ya shughuli hii, mpisheni.

Mama ameacha mume, watoto wanne, wakwe wanne, wajukuu sita, na wa saba ambaye mpaka wasifu huu unachapwa alikuwa bado tumboni, na bado anacheza.

Apumzike kwa amani, na sisi tulioachiwa kusubiri tupewe subira.