Kengele ya Darini

Kwenye gari la abiria la kwenda kijiji cha Bo Sang, Mama Buakham, mchoraji wa miamvuli, alimgeukia kijana asiyemjua aliyeinamia simu. "Mwanangu, umejikunja kama kamba aliyechemshwa. Huumwi?"

"Naumwa, mama. Hapa katikati ya mabega pamekaza kama gogo."

"Basi kaa wima, vuta mabega nyuma. Sasa mikono juu, jinyooshe!"

Kijana akajinyoosha kwa raha zote, kidole kikabonyeza kengele ya darini, ile ya kumwambia dereva asimame. Gari likasimama.

"Nani anashuka?" dereva akafoka. Hakuna aliyeshuka.

"Mama, umeniponza!"

"Nilisema mikono juu. Nilikutuma ubonyeze kengele?"

Abiria tulicheka mpaka dereva akaja nyuma. Nikajua leo tutatukanwa. Dereva akajishika bega, akakunja uso. "Mama, hebu anza upya. Polepole."