Nguo za Paluku Kwenye Kamba

Ndugu zangu, Bwana asifiwe, na asifiwe mara mbili kwa niaba yangu, mimi niliyekaa benchi la nyuma miaka yote nikijifanya sina la kusema. Leo ninalo. Naomba mnivumilie, maana sehemu ya kwanza ya ushuhuda huu ni aibu tupu.

Wengi mnanijua. Mimi ni Masika, mshonaji wa Mudzipela, ninayewashonea sare za kwaya na kugombana nanyi juu ya vipimo. Mume wangu ni Kasereka, fundi wa pikipiki. Tulitoka Butembo tukiwa wachumba, tukafunga ndoa hapa Bunia. Mwaka wa kwanza mlipotuona bila mtoto, mlituombea. Mwaka wa tatu mkatuombea kwa kufunga. Mama mmoja aliniletea hata dawa ya mizizi. Ndugu zangu, mnisamehe. Sikuwa tasa. Kila miezi mitatu nilichomwa sindano ya kuzuia mimba, kisha nikaja hapa kuitikia amina kwenye maombi yenu.

Sababu ilikuwa nyumba. Kasereka alipokuwa na siku nne tu duniani, mwenye nyumba alimfukuza mama yake pamoja na kitanda chake, mvua ikinyesha. Amekua akisimuliwa habari hiyo. Kwa hiyo juma la kwanza la ndoa yetu aliniambia: "Masika, mutoto wangu hatazaliwa mu nyumba ya mutu. Kwanza parcelle, kiwanja yetu, kwanza nyumba, kisha mutoto." Nilikubali, kwa sababu mwanzoni kukubali ni rahisi. Lakini nilipofika miaka thelathini na mitatu, tulikuwa na kiwanja tu na chumba kimoja kisicho na sakafu wala choo. Nikaanza kuogopa kwamba siku nyumba itakapokamilika, tumbo langu litakuwa limefungwa. Nikamwambia tuzae sasa. Akasema tuinue kuta kwanza. Tuligombana mpaka tukachoka, tukabaki kunyamaziana.

Na mnajua mambo ya mji wetu. Kiwanja kisicho na mtu huuzwa mara ya pili, mwenyewe akiwa hai na hati yake mfukoni. Ndiyo maana watu huweka shangazi pale, au mlinzi, ili majirani waone moshi. Sisi hatukuwa na mtu wa kumweka. Basi mimi, kwa akili zangu za cherehani, nikabuni mtu.

Nilitundika pazia dirishani. Niliweka sandali ndogo mlangoni. Nikashona kaptula na mashati ya mtoto kwa vipande vilivyobaki vya sare zenu, na kila asubuhi Kasereka alinipitisha pale kwa pikipiki nianike nguo zile zikiwa mbichi. Mpita njia alipoziona alijua hapa kuna familia. Chefu wa avenue, yaani kiongozi wa mtaa ule, alipokuja na kitabu chake akauliza tuko wangapi, nilijibu watatu. Akauliza mtoto anaitwa nani. Nikasema Paluku.

Ndugu msio wa kwetu, niwaeleze. Sisi Wanande majina yetu hufuata zamu ya kuzaliwa. Mvulana wa kwanza ni Paluku, wa pili ni Kambale, wa tatu ni Kasereka kama mume wangu. Jina hilo hupewa mtu aliyekwisha kufika. Mimi nililitoa kwa mtu asiyekuwapo, likaandikwa kwa kalamu, na chefu akaenda zake.

Mwezi wa kwanza hakukuwa na kitu. Kisha mchana mmoja nilikuja kuanua nguo, nikakuta kaptula niliyoianika safi asubuhi ina tope matakoni, tope la mtu aliyekaa chini. Nikasema ni mbuzi. Juma lililofuata niliokota zile sandali. Zilikuwa mpya, hakuna aliyewahi kuzivaa. Lakini kisigino cha kushoto kilikuwa kimelika upande, kama cha mtoto anayeburuta mguu.

Jirani yetu pale ni Mama Zawadi, mjane aliyehamia kutoka Aveba, mtu wa maneno machache. Siku ile aliniambia akiwa anapepeta mchele: "Paluku yenu iko na heshima, mama. Kila midi, saa sita, anakuja kunisalimia." Nikacheka, nikidhani ananitania. Yeye hakucheka, aliendelea kupepeta.

Ndugu zangu, sasa nawaambia jambo baya kuliko yote. Sikuogopa. Nilifurahi! Nilianza kushona nguo kubwa zaidi, na tope lilikuja juu yake vilevile. Nilianza kukaa pale saa sita, jua likiwa wima, nikiongea na chumba. Nilimwambia Paluku habari za wateja wangu. Na kidogo kidogo nikaacha kumwomba Kasereka mtoto. Hamu ilikuwa imeniisha, kama mtu aliyekwisha kula. Mume wangu akadhani nimekuwa mke mtiifu, akaninunulia kitenge. Laiti angejua.

Kisha ikafika Alhamisi moja. Nilishuka kwenye pikipiki mchana kweupe, nikamkuta Mama Zawadi amesimama njiani, amekunja mikono.

"Mama Paluku," akaniita. Nami nikaitika. Niliitika, ndugu zangu, kama mtu aliyezoea jina lake. "Munakosea, mama. Mutoto analia tangu asubui. Anaita weye. Munamufungia mule juu ya nini?"

Nilifungua kufuli. Chumba kilikuwa kitupu na kimya. Lakini ukutani, upande wa ndani, karibu na mlango, kwenye udongo tuliokandika siku mbili nyuma, kulikuwa na alama za vidole. Zilikuwa nyingi, za chini kwa juu, za mtu aliyekuwa akitafuta komeo. Ya juu kabisa ilifika kwenye paja langu. Nikasikia kifua kinaniuma, nikashika gauni, nalo lilikuwa limelowa maziwa. Mimi, ambaye sikuwa nimezaa! Hapo ndipo hofu iliponipata, ikanipata yote kwa mara moja.

Nilikimbilia kwa mama mchungaji nikiwa na ufunguo mkononi. Nilitegemea atapiga kelele, akemee, amwage mafuta. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza neno moja: "Masika, nani alimuita?" Nikasema ni mimi. "Basi ni weye utamuambia kweli."

Tulimchukua Kasereka gereji, mikono yake ingali na grisi, tukaenda sote watatu siku ileile, jua bado likiwaka. Njiani nilimwambia mume wangu kila kitu. Nilisimama katikati ya chumba, nikasema: "Paluku, mimi si mama yako. Nilitumia jina lako kulinda udongo. Nilikosa mbele ya Mungu na mbele yako. Nakuachilia mikononi mwa Yesu, usikae hapa tena kwa ajili yetu." Tukaomba. Tukaimba pambio moja kwa sauti ndogo. Nilipoinua macho, Kasereka alikuwa ameshika sandali ya kushoto, anapapasa kisigino kilicholika, analia kama nisivyowahi kumwona.

"Tuliacha mutoto peke yake mu nyumba," akasema. "Siye watu wazima. Juu ya kuogopa bailleur, mwenye nyumba."

Jioni ile ile tulikwenda kwa chefu wa avenue tufute jina. Alituonya. Alisema akifuta, kitabu chake kitaonyesha kiwanja hakina mtu anayeishi, na yeye hataweza kututetea. Mume wangu, mtu wa "kwanza parcelle", ndiye aliyesema: "Futa, papa." Na miezi mitatu ilipopita, sikurudi kuchomwa sindano.

Kiwanja kilikwenda. Sitaki kuwadanganya. Kabla mvua hazijaisha tulikuta miti ya watu wengine imechimbiwa pale. Tulipeleka hati zetu, jirani akaulizwa ni nani waliokuwa wakiishi mle. Mama Zawadi si mwongo. Alisema aliyeishi mle alikuwa mtoto tu, sisi wakubwa tulikuwa tukija na kuondoka. Nililia siku hiyo nikiwa na mimba ya miezi miwili, na Kasereka alinipeleka nyumbani taratibu, akikwepa kila shimo.

Mtoto alizaliwa katika nyumba ya kulipia, mvulana. Mama mkwe alikuja kutoka Butembo, akampokea, akamtazama, akasema: "Kambale." Mume wangu akabisha, akasema huyu ni wa kwanza, huyu ni Paluku. Mama mkwe, aliyekwisha kusimuliwa habari yote, akajibu kwamba Paluku alikwisha kuitwa. Wote wawili wakanigeukia mimi. Nikasema aitwe Kambale. Kwa hiyo kila Mnande anayekutana nasi ananiuliza mkubwa wake yuko wapi, nami nalazimika kusema kweli, nikiwa sokoni au nikiwa na pini mdomoni.

Ndugu zangu, wengine husimama hapa kumshukuru Mungu kwa nyumba waliyopata. Mimi namshukuru nikiwa nimepoteza yangu. Bati la mwenye nyumba linavuja, na linavuja kwenye kitanda chetu. Mvua ikianza, Kasereka anasukuma kitanda upande mmoja na mimi upande mwingine, mtoto akiwa juu yake, amelala. Mume wangu, aliyeogopa mvua maisha yake yote, huwa anacheka.

Kama uko hapa nawe umemwambia Mungu asubiri mpaka uwe tayari, njoo mbele tuombe pamoja. Usione haya, haya zote nimezimaliza mimi leo. Mkabidhi Yesu hofu yako, umtajie kwa jina lake halisi jambo unalolitaka, kisha umwachie. Nami nawaomba mumkumbuke katika maombi mtu aliyekichukua kiwanja kile. Juzi alikuja gereji kwa Kasereka, akavua kofia, akauliza kwa upole kama tuna mtoto mwingine, anayeburuta mguu wa kushoto.