Cooper Imemkuta Les Bado Kazini

Mheshimiwa Meya, ndugu wafugaji mliotoka mbali, majirani zangu, na wewe Les Tormey unayejificha nyuma ya kofia: habari za asubuhi!

Mimi Noreen, mwenye baa, nimeombwa nimuage nahodha wa kivuko chetu. Nahodha gani huyu? Aliyefanya kazi miaka kumi na minne bila kuvusha hata mbuzi! Jua likizama leo anastaafu, na mpaka juzi kivuko chake kilikuwa kimekaa juu ya mchanga.

Kosa la nani? La Cooper, haya maji yetu! Huko mbali Queensland mito miwili mizima, Thomson na Barcoo, inaungana, na kinachotoka hapo tunakiita kijito. Hesabu gani hiyo, jamani? Kisha kijito chenyewe kinaipa bahari mgongo, kinatawanyika tambarare, na hakipiti ziwa wala shimo bila kuingia, kama wateja wangu fulani wasioweza kupita mlango wa baa. Mara nyingi hulala hukohuko njiani, kwetu kisifike.

Na Les? Kila Jumatatu aliwasha injini, akatia grisi, akarudi nyumbani. Tulimcheka, tusijifanye. "Nahodha, leo mawimbi vipi?" Naye hujibu, "Chekeni tu. Siku mto ukija, nyie mtaogelea!" Lakini mkewe, Shirl, alinijia akilia: "Noreen, asije akaondoka hivihivi." Na mimi nikalia.

Basi mvua ikanyesha Queensland. Hapa kwetu hakuna wingu hata la dawa, lakini wiki iliyopita tulikwenda kuyalaki maji kama desturi yetu ya tangu zamani, wazee kwa watoto, tukitembea kinyumenyume mbele yake, bia mkononi, huku yakisukuma majani makavu na mijusi yenye hasira. Nilicheka mpaka mbavu zikauma! Nilicheka mpaka mbavu zikauma!

Mheshimiwa, nakuona unatazama saa. Unajiuliza mwanamke huyu atanyamaza lini? Nilikuwa nayasubiri maji. Geuka nyuma. Barabara uliyopita alfajiri, maji yakiwa ya kifundo cha mguu, iko wapi? Na nyumbani kwako si ng'ambo ile?

Les, futa machozi, kivuko kinaelea! Abiria wako wa kwanza ndiye huyu, mwenye mkufu wa umeya.

Nawashukuru kwa kunivumilia. Haya, pandeni!